Betri ya Sista Skola

Fomu ya matengenezo ya karakana yetu ina visanduku vitatu vya kueleza chanzo cha ubovu: uchakavu, ajali, uzembe wa mtumiaji. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale Kibaoni, na ni mingi kiasi kwamba nimeona vipuri vipya vikizeeka hadi vikakosa wa kuviuza, sikuwahi kuona kisanduku cha nne kilichoandikwa kosa la fundi. Nilikuwa mkuu wa karakana. Ningeweza kukiongeza kwa rula na kalamu kabla ya chai ya saa nne. Sikukiongeza.

Sasa nimestaafu, na mkuu mpya ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kitu anachokiita uzoefu. Nadhani alitarajia nasaha kuhusu utunzaji wa spana. Basi nasaha ya spana ni hii: zirudisheni mahali pake. Yanayobaki ni mambo yanayoniudhi, na mengi ya hayo niliyafanya mwenyewe.

Kwa asiyetufahamu, kazi yetu ni kutengeneza pikipiki za zahanati za bonde lote, kuanzia Kidatu hadi Malinyi, pamoja na zile za juu Mahenge. Nilifika pale nikiwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, viatu vya ngozi, na kikokotoo mfukoni. Fundi aliyenipokea alikuwa Mzee Ngwila, mtu wa darasa la saba na mwenye mdomo mkali. Alianza kwa kuvitazama viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesomea nini?"

"Uhandisi wa mitambo."

"Vizuri sana. Basi fungua hiyo plagi."

Nikaifungua. Injini ilikuwa imezimwa muda huo huo, bado ina moto, na mimi nikavuta spana kwa nguvu za msomi. Plagi ilitoka, na nyuzi za kichwa cha injini zikatoka nayo, zimejizungusha kama maganda ya chungwa. Mzee Ngwila hakugomba. Alichukua fomu, akaweka alama kwenye kisanduku cha uchakavu, akanipa nitie sahihi. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita Chuo Kikuu. "Chuo Kikuu, shika hapa." "Chuo Kikuu, usiguse hapo."

Wiki ya pili alinifundisha kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Pikipiki mpya zilipoletwa, kabla hazijapelekwa vijijini, alizitoa zote bolti za betri na kuweka klipu za shaba alizozikunja mwenyewe kwa koleo, ili waya zichomoke kwa kidole. Nikamwambia kwamba kwa mujibu wa mtengenezaji betri hufungwa kwa bolti.

"Mtengenezaji anaishi Malinyi?" akauliza.

"Hapana."

"Wataitoa tu. Wakikosa spana watatumia panga. Mimi nataka waitoe bila kunivunjia waya."

Na kweli waliitoa. Zile injini za zamani zilikuwa na sumaku yake ya kuwashia cheche, hazikuhitaji betri. Unapiga kiki, inawaka, unaondoka. Betri ilikuwa ya taa za kuonyesha kona na honi, vitu ambavyo ng'ombe wa barabara ya Malinyi hawavijali. Kwa hiyo zahanati nyingi zisizo na umeme zilikuwa na desturi moja: jioni betri inachomolewa kwenye pikipiki, inaingia ndani, inawasha taa ndogo, asubuhi inarudi, au hairudi, na pikipiki inafanya kazi vile vile. Kila mtu alijua. Nasisitiza hapo: kila mtu, mimi nikiwemo. Klipu hizo nimezikunja mwenyewe kwa mikono yangu miaka mingi baada ya Mzee Ngwila kustaafu na kisha kufariki. Zangu hazikuwahi kuwa nzuri kama zake.

Maadui wetu wakubwa wakati huo walikuwa wawili, maji na mlima. Maji mnayajua. Mlima ni shida ya wasomi. Kabureta haina habari kwamba imepanda Mahenge. Kule juu hewa ni nyepesi, lakini yenyewe inaendelea kumimina petroli kana kwamba iko kwenye mashamba ya mpunga, plagi inajaa masizi meusi, na mwendeshaji anasukuma. Mzee Ngwila alitembea na kichupa cha dawa kilichokuwa na jeti mbili, vijitundu vya shaba vya kupimia petroli, ya bondeni na ya mlimani, na alizibadilisha njiani kwa muda ambao mimi ningeutumia kutafuta mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa nikimweleza kwamba huko duniani ziko injini zinazojipimia zenyewe petroli kwa kompyuta. "Zikija uniambie," alisema. Hakuzikuta.

Zilikuja miaka michache kabla sijastaafu, zikiletwa na mradi mmoja ambao sitautaja. Zililetwa katika makasha: vifaa vya kuibadilisha injini ya kabureta kuwa ya kupuliza petroli kwa nozeli, kwa amri ya kompyuta. Mratibu wa mradi alikuwa kijana wa heshima, mwenye kompyuta ndogo na shati lisilojikunja. Aliniita Injinia. Jamani, msidharau nguvu ya neno hilo. Nilikuwa nimekaa miongo nikiitwa Chuo Kikuu kwa kejeli, na sasa mtu ananiita Injinia huku anamaanisha. Angeniomba nifunge kompyuta kwenye baiskeli, ningefunga.

Niseme ukweli, ile kazi niliipenda kuliko kazi yoyote. Kabureta inatoka, throto, lango la kupitishia hewa, inakaa mahali pake. Ekzosi inatobolewa na kuchomewa nati ya kushikilia sensa inayonusa moshi. Sumaku inapunguzwa kidogo kwa jiwe, ili kompyuta ijue pistoni iko wapi; ukipunguza mahali pasipo pake, injini inapiga teke. Tangi linatengenezewa pampu ya umeme, na hapo ndipo penye siri, kwa sababu pampu hiyo inakula umeme ambao injini ya zamani haikuwahi kuuzalisha. Nilizizungusha upya koili za kuchajia, moja moja, kwa mkono, nikihesabu mizunguko kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mnaoendelea na kazi hiyo, kagueni waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye fremu, kabla ya kuilaumu kompyuta. Mara tisa katika kumi kompyuta haina hatia.

Ya kwanza niliipandisha Mahenge mwenyewe. Ilipanda bila kukohoa. Nikasimama juu, nikafungua plagi baada ya kuiacha ipoe, maana somo hilo nilikwisha kulilipia, nikaikuta ina rangi ya biskuti. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha tukafanya mafunzo. Siku mbili, ukumbini Ifakara, chai na maandazi. Walioalikwa ni waliokuwa kwenye orodha ya madereva. Wauguzi hawakuwemo, ingawa kila mtu alijua kwamba katika nusu ya zahanati zile anayeendesha pikipiki ni muuguzi. Nilifundisha kuhusu chujio, kuhusu taa ya onyo, kuhusu kutopuliza maji ya presha chini ya kiti. Nikamaliza kwa kusema kwamba injini hii bila betri yenye nguvu haiwaki, kwa hiyo betri haiguswi.

Dereva mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mzee, haiguswi mchana au haiguswi hata usiku?"

Ukumbi wote ukacheka. Mimi nami nikacheka. Nikadhani ni utani. Huyu msomi wenu, aliyekunja zile klipu kwa mikono yake, alisimama mbele ya watu wanaomuuliza swali la maana kuliko yote ya siku mbili, akacheka, akafunga mafunzo kwa wakati.

Na klipu niliziacha. Kwenye pikipiki zote nilizobadilisha, niliziacha klipu za shaba pale pale, kwa sababu zinarahisisha kazi ya fundi.

Masika yaliyofuata mratibu alikuja ofisini na barua na picha. Pikipiki ya zahanati moja ng'ambo ya daraja, unapita Lupiro kisha unaacha barabara kubwa, ilikataa kuwaka siku mama mjamzito alipohitaji kukimbizwa kituo cha afya. Mkaguzi wa mradi alifika baadaye, akaikuta betri ndani ya jengo. Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Skolastika, alikuwa ameandikiwa shauri la nidhamu kwa kuhujumu mali ya mradi. Mkataba wake ulikuwa usitishwe. Kilichokosekana ni ripoti ya kiufundi tu.

"Ni formality, Injinia," mratibu alisema. "Betri ilitolewa, engine haikuwaka. Iko klia."

Ilikuwa klia. Niliweka alama kwenye kisanduku cha tatu, uzembe wa mtumiaji, nikatia sahihi, nikaenda kula. Wali na samaki. Nakumbuka samaki alikuwa mtamu, na hilo linaniudhi hadi leo.

Niliporudi picha ilikuwa bado mezani. Ilionyesha waya za betri, na mkaguzi alikuwa amezungushia alama nyekundu "vifaa visivyo rasmi vya kuchomolea betri." Vilikuwa klipu za shaba. Zimekunjwa vibaya kidogo upande wa kushoto, kama ninavyokunja mimi. Kilichoitwa ushahidi wa hujuma kilikuwa kimetengenezwa kwenye meza ile ile iliyokuwa imebeba picha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Nilichukua pikipiki nyingine, sanduku la vifaa, na, sijui kwa nini wakati ule, kabureta ya zamani ya pikipiki ile, kwa sababu kabureta zote nilikuwa nimezihifadhi stoo kwa majina. Maji yalikuwa yamekata njia sehemu mbili. Sehemu ya pili nilivushwa na Msukuma mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe, na tukiwa katikati nikagundua kwamba ndiye aliyembeba yule mama.

"Anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Mzima. Na mtoto mzima. Ila alifika akiwa mweupe kama pamba, damu ilimtoka sana." Akawapiga ng'ombe mluzi. "Wanasema pikipiki yenu inataka betri ndiyo itembee. Hawa wangu wanataka nyasi tu, mzee."

Tulipofika ng'ambo nikamlipa, nikawasha pikipiki.

Sista Skola alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mpogoro wa kutoka upande wa Mahenge, mwenye sauti ya chini. Alinikuta nikiitazama pikipiki uani.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kuona nilivyohujumu?"

"Marahaba. Nimekuja kuona."

"Basi karibu, uone vizuri."

Akaniingiza chumba cha kujifungulia. Kitanda kimoja, ndoo, kabati. Ukutani kulikuwa na kifaa cha umeme wa jua, taa yake nyekundu imezimika. Alisema kiliharibika mvua za mwaka juzi. Akatoa daftari lenye nakala za barua za kuomba kitengenezwe, zimepangwa vizuri, na nyuma ya nakala hizo hakukuwa na majibu. Chini ya kitanda palikuwa na kibao, na juu ya kibao alama ya mraba isiyo na vumbi, ukubwa wa betri.

"Usiku ule nilikuwa na mama mwingine," alisema. "Alijifungua salama. Taa ilikaa mpaka asubuhi. Kulipokucha akaja huyu wa pili, anatoka damu. Nikarudisha betri kwenye pikipiki. Nikawasha swichi, nikasikia kitu ndani ya tangi kinanong'ona kidogo, kikanyamaza. Nikapiga kiki mpaka goti likavimba."

"Ilikuwa imeisha nguvu. Pampu haikupata umeme."

"Ya zamani ilikuwa inawaka."

"Najua."

"Hakuna aliyeniambia hii haiwaki. Aliyekuja kwenye semina ni dereva, na dereva alihamishwa mwezi huo huo." Akafunga daftari. "Mzee, nikuulize. Ningejua, ningefanya nini? Niwashe kipi, niache kipi? Mniandikie hiyo kwenye barua."

Nilimpigia mratibu simu pale pale, nikasimama kwenye kichuguu ambako mtandao unapatikana. Nikaomba betri ya pili, moja tu, ikae ndani, ichajiwe na pikipiki kwa zamu. Akasikitika kwa adabu. Mpango ulikuwa pikipiki moja, betri moja. Betri ya kuwashia taa ni ya idara nyingine. Nikauliza idara ipi. Akasema atafuatilia. Nikamuuliza kama anaweza kufuatilia pia barua za kifaa cha jua. Mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Basi nikavua shati, nikafungua sanduku. Kazi iliyonichukua siku tatu kuifunga, niliing'oa kuanzia saa tano mpaka saa kumi jioni. Throto ikatoka. Kompyuta ikatoka. Nati ya sensa kwenye ekzosi nikaiziba kwa bolti. Pampu nikaitoa tangini, nikarudisha koki ya kawaida. Sumaku niliyoisaga haikunisumbua, kwa maana cheche za zamani hazina habari nayo. Nikafunga kabureta, nikajaza petroli kikombe chake, nikavuta choki. Sista Skola alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati anachambua mchele.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga mara ya tatu ikawaka. Betri ilikuwa chini, kwenye nyasi, haijaunganishwa na chochote. Aliitazama betri, akaitazama pikipiki, akaizima, akaibeba betri ndani. Mimi nilifungasha mambo ya kisasa kwenye gunia la mbolea.

Sitaki mnielewe vibaya. Zile za Mahenge hadi leo zinapanda mlima kwa nozeli zake na sitaki mtu azirudishe nyuma. Kule zahanati zina umeme. Ninachowakasirikia, na ninajihesabu wa kwanza, ni watu waliojua kabisa betri inalala wapi, wakaleta mashine isiyoweza kukaa bila betri, kisha wakamwita mhujumu mtu aliyeachiwa giza.

Shauri lilisikilizwa Ifakara wiki mbili baadaye, asubuhi, kwenye chumba chenye feni mbili na meza ndefu. Wajumbe watatu, mratibu, mimi kama shahidi wa kiufundi. Nilikuwa nimeandika ripoti ya pili. Nilieleza klipu ni za nani, desturi ni ya lini, nani alifundishwa na nani hakufundishwa, na kwamba mwenye kosa ni mkuu wa karakana. Mwenyekiti, mtu mzima aliyechoka, aliziweka ripoti zote mbili sambamba.

"Injinia, hapa unasema uzembe wa mtumiaji. Hapa unasema kosa lako. Tuchukue ipi?"

"Ya pili."

"Ya kwanza ina sahihi yako."

"Na ya pili inayo. Ya kwanza niliiandika mezani, mheshimiwa. Ya pili nimeiandika baada ya kwenda."

Mratibu akaomba kuongeza kwamba shahidi huyu pia ameng'oa mali ya mradi bila idhini. Mwenyekiti akaandika. Kisha akamgeukia Sista Skola, aliyekuwa ameketi wima na mkoba magotini.

"Sista, jibu fupi tu. Unakiri kwamba ulitoa betri kwenye pikipiki?"

"Nakiri."

"Ulijua si ruhusa?"

"Nimejua baadaye. Na leo nimeitoa tena." Feni zikaendelea kuzunguka. "Nimeondoka alfajiri, nikamwacha mama ameanza uchungu, mtoto wa kwanza, huenda akakesha na uchungu mpaka kesho. Betri nimemwachia mhudumu. Pikipiki iko hapo nje, mwende mkaitazame."

Walikwenda. Sijui walitegemea nini. Mwenyekiti aliinama, akafunua kifuniko cha ubavuni, akachungulia pale betri inapokaa. Palikuwa patupu, na klipu mbili za shaba zimefungwa kitambaa zisigusane. Akamwambia aiwashe. Sista akapanda, akakusanya gauni lake jeupe, akapiga kiki mara moja.

Mkataba haukusitishwa. Hilo niliandike kwa herufi za kawaida kwa sababu halikuwa zawadi, lilikuwa haki yake. Lakini kamati haikuweza kurudi mikono mitupu, kamati hazijajaliwa hivyo. Alasiri hiyo hiyo alikabidhiwa barua ya onyo: kuendesha chombo cha moto kisicho na betri katika barabara ya umma. Mimi nami nilipata yangu, ya kung'oa, nikastaafu nayo mwezi uliofuata.

Tulisoma zetu tumesimama uani. Yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Aliisoma hadi mwisho, na muhuri pia akausoma, akaikunja mara nne.

"Nisichelewe, mzee," alisema. "Yule mama hajajifungua bado."

Akafunua kifuniko cha ubavuni, akaisukumiza barua ile pale betri inapokaa, akakifunga kwa kiganja.

"Hapa panatosha. Kwanza pako wazi."